Shahidi na Aje Mbele ya Mshtakiwa

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa Mountain View, Nairobi



Jambo nililolichagua ni la mahakamani, lakini msidhani kwamba lawahusu mawakili na mahakimu peke yao. Lamhusu kila mtu akaaye hapa kandokando ya Waiyaki Way, awe mwenye nyumba, mpangaji, dereva au mlinzi wa mlangoni. Kwa maana hakuna ajuaye siku ambayo jina lake litatajwa kwa kosa.

Wazee walisema, "Msema pweke hakosi." Mtu asemapo peke yake, wala hapana wa kumjibu, maneno yake yote huonekana kuwa kweli. Mahakama ya haki haikubali shahidi awe msema pweke.

Natuchukue mfano. Fedha zimepotea katika nyumba fulani, na mtumishi wa jikoni ameshtakiwa. Mlinzi asimama mbele ya hakimu na kusema, "Mwuza mboga aliniambia kuwa alimwona mtumishi huyu akitoka na bahasha." Huenda mlinzi hasemi uongo; kweli aliambiwa. Lakini mtumishi akimwuliza: Ilikuwa saa ngapi? Je, palikuwa na mwanga? Je, mwuza mboga hanidai fedha, wala hatukugombana? Mlinzi atajibu nini? Yeye hakuona kitu. Ajuaye majibu ni mwuza mboga, naye hayupo. Basi mtumishi anaweza kufungwa kwa maneno ya mtu ambaye hakula kiapo wala hakuulizwa swali hata moja.

Kwa sababu hiyo Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba, 1963, yaagiza kwamba ushahidi wa mdomo utoke kwa mwenyewe. Likiwa ni jambo la kuonekana, aje aliyeliona. Likiwa la kusikika, aje aliyelisikia. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, yampa mshtakiwa haki ya kuwapo kesi yake inaposikizwa, ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea, na ya kuleta ushahidi wake na kuupinga ule ulioletwa juu yake.

Lakini tusikosee. Si kila neno lililosemwa nje ya mahakama linakatazwa. Ikiwa shauri ni la kutishia, aliyesikia vitisho ndiye shahidi hasa, kwa kuwa linalotafutwa ni kama maneno yale yalisemwa, si kama ni ya kweli. Katika mwaka 1956 Baraza la Mfalme huko London lilifuta hukumu ya mtu wa Malaya aliyekutwa na risasi, kwa sababu alizuiwa kueleza mahakama vitisho alivyoambiwa na waliomkamata msituni.

Tena kuna shahidi asiyeweza kuja: aliyekufa. Mtu aliyejeruhiwa akamtaja aliyemjeruhi, kisha akafariki, sheria hukubali maneno yake yasikizwe. Hata hivyo, katika mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilitoa onyo kwamba ni hatari sana kumtia mtu hatiani kwa maneno ya marehemu peke yake, yaliyosemwa mshtakiwa hayupo wala hakupata kuyahoji, pasipo ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Anayekufa aweza kukosea, hasa ikiwa alishambuliwa gizani.

Sasa natuangalie shauri ambalo kila Mkenya amelisikia. Bwana Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa Kapenguria mwishoni mwa mwaka 1952. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alisema kwamba mwezi Machi, 1950, alimwona Bwana Kenyatta katika sherehe ya kulisha viapo. Macharia alisimama mbele ya washtakiwa, na mawakili wao walimhoji. Katika jambo hilo hakimu, Bwana Thacker, alimwamini yeye mmoja na kuwakataa mashahidi kumi wa upande wa utetezi. Tarehe 8 Aprili, 1953, washtakiwa walihukumiwa kifungo cha miaka saba. Katika mwaka 1958 Macharia aliandika hati ya kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa mambo mema, pamoja na masomo Uingereza. Ajabu ni kwamba alishtakiwa na kufungwa kwa hati hiyo, si kwa ushahidi wa Kapenguria.

Fundisho ni nini? Ni kwamba kumhoji shahidi hakutoshi ikiwa yule anayehoji amefichwa habari. Wakili hawezi kuuliza juu ya ahadi asiyoijua. Ndiyo sababu haki ya kupewa ushahidi mapema na haki ya kuupinga zimewekwa pamoja katika Ibara moja. Moja bila ya nyingine ni jembe lisilo na mpini.

Mtasema, "Je, shahidi aliyetishwa?" Swali hilo ni zito, nalo lilitokea katika shauri la Bwana William Ruto na Bwana Joshua Sang huko The Hague. Baadhi ya mashahidi waligeuka, na waendesha mashtaka, wakidai kwamba mashahidi wameingiliwa, waliomba maandishi yao ya zamani yapokewe. Tarehe 12 Februari, 2016, majaji wa rufani walikataa, kwa kuwa kanuni iliyotumiwa ilibadilishwa baada ya kesi kuanza, na kuitumia kungewadhuru washtakiwa. Mwezi Aprili kesi ilikomeshwa. Wako walioona haki imelindwa, na wako walioathiriwa na machafuko ya 2007 na 2008 walioona kwamba wameachwa bila jibu. Wote wana sababu.

Dawa, basi, si kumfungia mshtakiwa kinywa, bali kumlinda shahidi. Kenya ina Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya mwaka 2006, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka huohuo yaruhusu mtoto au aliyedhurika kutoa ushahidi akiwa amekingwa asionekane na mshtakiwa. Hata hivyo maswali ya utetezi huulizwa na kujibiwa.

Mwisho, nawapa shauri. Ukishtakiwa, omba nakala za maandishi ya mashahidi, na mkalimani ikiwa lugha hujaielewa. Zamu yako ya kuhoji ifikapo, uliza maswali mafupi; usihutubu, wala usinyamaze kwa woga. Nawe uliyeona jambo kwa macho yako, ukiitwa mahakamani, nenda mwenyewe. Usimtume jirani akuseme. Asiyekuwapo na lake halipo. Na pengine litakalopotea kwa kutokuwapo kwako ni uhuru wa mtu asiye na hatia, au haki ya mtu aliyeibiwa.