Hamu Huisha, Ratiba Hubaki: Hotuba kwa Wafanyakazi wa Kaunti



Wengi wetu huanza mazoezi Januari na kuacha kabla ya Pasaka. Tukingoja hamu itujie, tutangoja sana, na presha na kisukari havitungoji.

Wanariadha wa Iten na Kaptagat hukimbia kwa makundi, kwa saa iliyopangwa. Mwenzako akikungoja barabarani, utaamka. Nasi tupange hivyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano, na mazoezi ya misuli siku mbili. Kuchuchumaa na kuinuka nyumbani kunatosha kuanzia. Siku ukichoka, tembea dakika 10 tu, lakini toka.

Mwenye presha amwone daktari kwanza, wala asiache dawa.