Beki wa Mechi Elfu



Kila jioni, masomo yaishapo, mimi huwasimamia vijana wa chuo chetu cha ualimu katika uwanja wa mpira. Niulizapo nani atakayecheza mbele, mikono huinuka kama mtama shambani. Niulizapo nani atakayekaa nyuma kulinda lango, kila mtu hutazama miguu yake. Wala siwalaumu. Afungaye bao hubebwa mabegani; lakini bao lililozuiwa lisifungwe, ni nani alishangiliaye?

Basi leo nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyefanya kazi hiyo ya nyuma muda wa miaka 21. Jina lake ni Graham Alexander. Alizaliwa mwaka 1971 katika mji wa Coventry, Uingereza, na kazi yake ilikuwa beki wa kulia.

Yafaa kwanza mjue kwamba klabu za ligi za kulipwa za nchi ile zimepangwa katika madaraja manne, kama vidato vya shule. Timu ishindayo hupanda, nayo ishindwayo hushuka. Walio juu hupata mali na sifa. Walio chini hucheza katika viwanja vidogo, mbele ya watu wachache, na majina yao hayavuki mipaka ya miji yao. Bwana Alexander alianzia chini kabisa, katika klabu ya Scunthorpe, mwaka 1991. Mwaka 1995 akahamia Luton, na mwaka 1999 akaenda Preston. Huko walipanda daraja mwaka 2000, wakabakiza ngazi moja tu kufika Ligi Kuu.

Lakini ngazi hiyo moja ilikuwa ndefu. Mwaka 2001 Preston walifika katika mechi ya mwisho ya kuwania kupanda, wakafungwa na Bolton mabao 3 kwa 0. Mwaka 2005 klabu ikafika tena, ikafungwa na West Ham bao 1 kwa 0. Mwaka 2007 Bwana Alexander akahamia Burnley, umri wake ukikaribia miaka 36. Katika umri huo wachezaji wengi wamekwisha kutundika viatu vyao ukutani. Yeye hakutundika. Tena, mkuu wa timu alipomwondoa mara nyingi katika nafasi aliyoizoea na kumweka katikati, mbele ya mabeki, alikubali kujifunza kazi mpya kama mwanafunzi.

Mwezi wa Mei mwaka 2009, katika uwanja wa Wembley, Burnley waliwafunga Sheffield United bao 1 kwa 0, wakapanda. Hivyo Bwana Alexander alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu mwezi wa Agosti, naye ana miaka 37. Siku chache baadaye klabu hiyo ndogo ikawashinda Manchester United, mabingwa wa nchi. Furaha haikudumu, maana mwaka uliofuata walishuka tena. Lakini alikuwa amekwisha kufika.

Huenda mtauliza, mtu huyu alidumu kwa nini? Mbio za miguu hupungua mwaka hata mwaka, lakini beki hachezi kwa mbio peke yake. Kazi yake kubwa ni kujua mahali pa kusimama kabla mpira haujafika, na maarifa hayo huongezeka kwa kila mechi. Bandu bandu huisha gogo. Aliitwa mara 40 kuichezea Uskoti, nchi ya asili ya ukoo wake, na mwaka 2011 akatimiza mechi 1,000.

Mwaka huo alirudi Preston. Tarehe 28 Aprili 2012, katika mechi yake ya mwisho uwanjani kwao, aliingizwa kama mchezaji wa akiba kucheza na Charlton. Muda wa kawaida ulikwisha, na Preston walikuwa nyuma kwa mabao 2 kwa 1. Wakapata mkwaju wa adhabu. Mzee huyo wa miaka 40 akaupiga, mpira ukaingia wavuni, na mechi ikaisha 2 kwa 2. Siku hiyo, na yeye alishangiliwa.

Juzi kijana mmoja anayemaliza chuo alinijia kwa huzuni, kwa kuwa amepangiwa shule ya mbali, isiyo na jina. Aliniambia, "Mwalimu, huko nani atakayeniona?" Sikumwahidi kwamba ataonwa. Si kila beki apataye siku kama ile ya Preston, na wengi huondoka uwanjani kimya. Nilimwambia haya tu: watoto wa shule ile wanangoja mtu atakayejua mahali pa kusimama, tena atakayekuwapo kesho, na kesho kutwa.

Kwaherini.