Kisu cha Askari na Mkono Unaokishika

Mazungumzo ya redio kuhusu amani, kwa wakaaji wa Kasha, komine ya Bagira, mjini Bukavu



Mazungumzo ya leo yametokana na swali. Baada ya kikao chetu cha mwisho hapa Kasha, mama mmoja alinisubiri mpaka watu wote wakaondoka. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mtoto wangu ameleta nyumbani kisu cha askari. Anasema ni cha kumenyea muhogo tu. Nifanye nini?" Mtoto huyo ana miaka kumi na mitano. Sitataja jina la mama wala avenue yake. Lakini najua kwamba nyumba yake si nyumba pekee yenye swali hilo, kwa hiyo leo namjibu mbele yenu wote.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Mama alinieleza kwamba kisu kina tundu kwenye bapa, karibu na ncha, na kwamba ala yake ni ngumu, si ya ngozi laini. Ndugu zangu, hiki si kisu cha jikoni. Ni singe, ambayo wengi wetu huita bayoneti, yaani kisu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki. Cha namna hii kilitengenezwa katika Umoja wa Kisovieti mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya bunduki ya AKM, na nchi nyingine zikaiga. Lile tundu si pambo. Kwenye ala kuna kijichuma kilichotokeza. Ukipachika tundu kwenye kijichuma hicho, kisu na ala hufanya kazi pamoja kama mkasi, na askari hukata waya wa miba. Bunduki nyingi za Kichina za Aina ya 56 hazina kisu cha kuvua. Zina mwiba wa chuma uliokunjwa chini ya mtutu.

Zamani, singe ilikuwa na sababu yake. Katika karne ya 17 bunduki ilipiga risasi moja, na kuijaza tena kulichukua muda. Adui akija mbio, askari alibaki na gongo tu mkononi. Ndipo Wazungu walipoanza kutia kisu kwenye mtutu, ili bunduki igeuke kuwa mkuki. Lakini silaha zilivyozidi kuwa za haraka, kazi hiyo ilipungua. Katika vita kuu ya 1914 hadi 1918, Waingereza walipohesabu majeraha ya askari wao, yale ya singe hayakufika hata moja kwa mia. Wengi waliumizwa na mizinga na risasi.

Basi askari wa leo anafanya nini na kisu chake? Muulizeni askari yeyote mwaminifu. Atawaambia kwamba anakata kamba, anachonga mti wa kusimamishia hema, anafungua kopo la samaki, anachimba kidogo, anakata waya. Na siku ya gwaride anakifunga kwenye bunduki ili king'ae. Hizo ndizo kazi zake za kila siku.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Ikiwa kisu hutumika mara chache sana katika mapigano ya wenye silaha kwa wenye silaha, je, damu ya visu na mapanga tunayoijua hapa Kivu na Ituri imetoka kwa nani? Mwenye bunduki hamngojei adui mwenye bunduki mpaka afike umbali wa mkono. Kisu kinataka ukaribu. Kinataka mtu aliyefungwa, au aliyelala, au aliyeanguka, au aliyeinua mikono. Tena hakipigi kelele. Jirani wa pili hasikii. Kwa hiyo kisu cha askari kikitoka katika kazi ya kamba na makopo, mara nyingi kinamwendea mtu asiyepigana.

Historia yetu inashuhudia hivyo. Wakati wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili, askari wa Force Publique walitakiwa kuonyesha kwamba risasi walizopewa hawakuzipoteza kwa kuwinda wanyama. Ushahidi waliotakiwa kuleta ulikuwa mkono wa mtu. Hivyo kisu kikawa kama kalamu ya karani: mkono mmoja, risasi moja. Na risasi ilipopotea bure, kuna waliokatwa mikono wakiwa hai. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, aliyaandika mambo hayo katika ripoti iliyotolewa mwaka 1904, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi hiyo. Waliokatwa mikono hawakuwa jeshi la adui. Walikuwa wanakijiji waliotakiwa kuleta mpira.

Karibu zaidi na sisi ni Kaniola, katika teritwari ya Walungu. Mwezi wa Mei 2007, watu wenye silaha walioitwa Rasta waliingia vijijini usiku, wakaua watu 17 kwa visu na mapanga. Wengi wenu mna ndugu Walungu. Sina haja ya kueleza zaidi.

Najua kuna anayesema: "Sheria za vita ni za mabomu na bunduki. Kisu hakimo." Mimi nimesoma sheria chuo kikuu, na nawaambia kwamba huyo anajidanganya. Sheria haipimi urefu wa chuma. Inauliza maswali mawili: nani alikishika, na nani alikuwa mbele yake?

Kanuni za La Haye za mwaka 1907 zinakataza kumwua adui aliyeweka silaha chini na kusalimu amri. Zinakataza pia silaha zilizotengenezwa ili kutesa kupita kiasi. Kisu cha kawaida cha askari hakikatazwi, lakini singe yenye meno kama msumeno ni mfano mmoja unaotajwa wa silaha zisizofaa. Kisha Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949 ina kifungu cha tatu kinachofanana katika yote minne. Kifungu hicho kinahusu hata vita vya ndani ya nchi, na kinamfunga askari wa serikali pamoja na mpiganaji wa msituni. Kinasema kwamba asiyepigana, aliyeumia, aliyekamatwa na aliyetupa silaha hawauawi, hawateswi, wala hawakatwi viungo. Kukata viungo kumetajwa waziwazi. Na kiungo hakikatwi kwa karatasi, ndugu zangu.

Je, sheria hiyo imewahi kumfikia mtu? Ndiyo. Mwezi wa Februari 2003, huko Kobu katika Ituri, askari wa kundi la UPC waliwaua watu wasiopungua 49 waliokuwa wamewakamata. Waliwaulia katika shamba la migomba, kwa fimbo, marungu, visu na mapanga. Hakuna aliyeweza kusema kwamba kwa kuwa bunduki hazikulia, basi haikuwa vita. Tarehe 8 Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye ilimhukumu Bosco Ntaganda, mmoja wa wakuu wa jeshi hilo, kuwa na hatia ya mambo mengi, na mauaji ya Kobu yakiwamo. Alipewa kifungo cha miaka 30, na mwaka 2021 rufani yake ilikataliwa. Tazameni: ilipita miaka kumi na sita, lakini shamba la migomba halikusahauliwa.

Tusiseme lakini kwamba askari wote ni wachinjaji. Kambi ya Saïo hapa Bukavu ilipewa jina la mji wa Ethiopia. Mwaka 1941 askari wa Kongo walikwenda huko kwa safari ndefu, wakapigana na Waitalia, na mwezi wa Julai Jenerali Gazzera akasalimu amri pamoja na maelfu ya watu wake. Walichukuliwa mateka, na vita ikaishia hapo. Hiyo ndiyo alama ya jeshi: kujua kwamba adui akiinua mikono, kisu kinarudi kwenye ala.

Sasa narudi kwako, mama.

Mtoto wako anasema ni kisu cha muhogo. Inawezekana anasema kweli. Lakini hatari haiko katika nia yake peke yake. Iko machoni pa atakayemkuta nacho njiani. Februari 2025, mji wetu ulipobadilisha mikono, silaha na sare zilibaki zimetupwa, na watoto wakaokota. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilithibitisha kwamba kuna watoto waliouawa Bukavu siku hizo bila hukumu yoyote, na ikasema pia kwamba kuna watoto waliokuwa na silaha mikononi. Kumwua mtoto namna hiyo ni kosa kubwa, hata kama ameshika silaha. Lakini sheria itakuja baadaye na faili lake. Sisi tunataka mtoto abaki hai leo. Kwa hiyo fanya hivi.

Kwanza, usimpige wala usimwite mwizi. Ukimtisha, atakificha mahali usipopajua. Kaa naye, mwulize amekipata wapi. Kama amekiokota, mshukuru kwa kusema. Kama amekinunua kwa askari, mweleze kwamba mali ya jeshi haiuzwi. Sheria ya adhabu za kijeshi ya mwaka 2002 inamwadhibu askari anayeuza vifaa alivyokabidhiwa, na mnunuzi naye hajapata mali halali.

Pili, mtoto asikibebe tena, hata hatua moja. Wala usimtume mtoto mwingine.

Tatu, usikiuze, wala usikitupe kichakani au mtoni. Mtoto wa mwenzako atakiokota, na swali lako litahamia nyumba ya pili.

Nne, usiende peke yako wala usiku. Tafuta watu wazima wawili wanaoaminika: mzee wa avenue, padri, pasta, au mama kiongozi wa kikundi chenu. Wao watangulie mikono mitupu, waseme kuna kitu gani na kiko wapi, wakubaliane namna ya kukikabidhi. Msisahau kwamba MONUSCO ilifunga kazi yake Kivu Kusini mwezi wa Juni 2024, kwa hiyo msihangaike kutafuta mlango wao hapa. Na kama ni bomu la mkono au risasi, msiguse kabisa. Wekeni watu mbali.

Tano, mnunulie mtoto kisu cha jikoni. Msicheke. Kama kweli shida yake ni muhogo, basi shida imekwisha. Kama atakataa, utajua kwamba alitaka kitu kingine, labda heshima, labda kuondoa hofu ya usiku, na mazungumzo yenu yataanzia hapo.

Kwenu vijana, kuna methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo ni ya siku ya karamu, mnyama akiwa amekwisha chinjwa. Msiipeleke barabarani. Huku barabarani, mwenye kisu kikali ndiye anayetafutwa kwanza.

Na wewe askari, wa upande wowote ule, kisu ulichofunga kiunoni ulipewa kwa kazi. Mkuu wako akikuamuru umkate mtu aliyefungwa, hiyo si amri ya jeshi, ni kosa linalofanywa na watu wawili: aliyesema na aliyekata. Siku ya hukumu ya mahakama, "niliamriwa" haitakufunika.

Mama, nakushukuru kwa swali lako. Ulisema kwa sauti ya chini, na wengi wamesikia. Mkae salama, ndugu zangu, hadi juma lijalo tukijaliwa.