Kiti kitupu cha Kigamboni

Dakta Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, alifariki Novemba 27, 2024, akisubiri kushika ukurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Kiti chake bungeni kikabaki wazi, kwa kuwa Ibara ya 76 ya Katiba hairuhusu uchaguzi mdogo ndani ya miezi 12 kabla ya Bunge kuvunjwa. Mkutano wa bajeti wa 2025, ule mrefu wa Aprili hadi Juni, ukamalizika Dodoma bila mbunge wa jimbo hilo. Abiria wa Kigamboni anayebanana kivukoni Magogoni, na dereva wa bajaji anayelipa tozo Daraja la Nyerere, hawakuwa na mtu waliyemchagua wa kusimama kuwaulizia swali la nyongeza. Miezi 12 ni mingi mno. Sita ingetosha.