Dhamana ya Mwenye Kufuga Mbwa

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumche Mola wetu. Sheria imeturuhusu kufuga mbwa wa kulinda mifugo na shamba, na wa kuwindia. Lakini ruhusa hiyo imefungamana na dhamana mbili.

Ya kwanza ni haki ya mnyama. Mtume wetu (S.A.W.) alisimulia habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mola akamghufiria. Vipi basi sisi tumfunge mlinzi wetu juani mchana kutwa bila ya maji?

Ya pili ni haki ya jirani. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamdhihirikia mtu, takriban hapana anayepona. Kwa hiyo mbwa wetu tumchanje kila mwaka, wala tusimwache azurure. Akimwuma mtoto wa watu, tusifiche: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, naye apelekwe hospitali siku ile ile akachomwe sindano za kinga. Anayenyamaza kwa kuogopa lawama huenda akaangamiza roho isiyo na kosa.

Mola atujaalie kuwa wachunga waaminifu. Amin.