MPANGILIO WA NYAYA ZA KOMPYUTA MAOFISINI
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya watumishi na wananchi)





Mwananchi aambiwapo dirishani kwamba mtandao umekatika, arudi kesho, huenda ubovu wenyewe ni waya mmoja uliofungwa visivyo. Ndiyo sababu nimeomba nafasi hii.

Kebo za mtandao zina nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Msokoto huo si pambo. Usumbufu wa umeme utokao kwenye taa na viyoyozi huziingia nyaya mbili za jozi kwa kiasi karibu sawa. Kifaa cha upande wa pili, kisomacho tofauti tu baina yao, huufuta. Alexander Graham Bell alipata hataza ya ufundi huu mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Basi fundi afumuaye msokoto urefu wa kidole ili apate wepesi wa kufunga ameiondoa kinga. Kwa kebo ya daraja la 5e, ufumuaji usizidi milimita 13.

Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ambayo kompyuta za malipo zilisuasua siku tatu, wazee wakingoja pensheni. Kipimo cha taa kiliwaka taa zote nane, na kila mtu akailaumu swichi. Tulipoitazama plagi tukakuta rangi zimepangwa jozi baada ya jozi, ncha zote mbili. Pini ya 3 na ya 6, zipasazo kuwa jozi moja, zilikuwa za jozi mbili mbalimbali. Kipimo kile hupima kufika kwa waya tu. Kosa hili hakilioni. Mpangilio uwe T568A au T568B, mmoja kwa jengo zima.

Mtandao ukisumbua, badilisheni kwanza kebo fupi ya mezani, kisha tundu la swichi, kabla ya kupanda darini. Kebo ya ukutani isizidi mita 90, na zile fupi za ncha mbili mita 10 kwa jumla.

Mwisho, kila kebo iandikwe namba ncha zote mbili, na namba hizo ziwekwe katika daftari ndani ya chumba cha swichi, si kichwani mwa fundi. Mafundi huhamishwa, nao wakishaondoka hakuna athubutuye kukata hata waya uliokufa.