Marehemu John Lewis na Haki ya Kupiga Kura



John Lewis, Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, alifariki dunia tarehe 17 Julai, 2020, akiwa na umri wa miaka 80. Alilitumikia Baraza hilo kwa zaidi ya miaka 33, na wenzake walimwita dhamiri ya Bunge la Marekani.

Alizaliwa katika jimbo la Alabama, mtoto wa wakulima waliolima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 23, alihutubia umati mkubwa mjini Washington na kutamka kuwa dai la mtu mmoja kura moja ni kilio cha Afrika na cha watu wake pia. Maneno hayo hayakumbukwi sana, kwani siku hiyo hiyo alihutubia Dk. Martin Luther King.

Katika wilaya ya Dallas, Alabama, watu weusi waliofikia umri wa kupiga kura walikuwa wapatao 15,000. Walioandikishwa walikuwa kiasi cha 300. Ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi, na karani aliweza kumkataa mwombaji kwa kosa dogo la kujaza fomu. Tarehe 7 Machi, 1965, Lewis na Hosea Williams waliwaongoza watu wapatao 600 kuvuka daraja la Edmund Pettus, mjini Selma. Askari wa jimbo waliwashambulia kwa virungu na mabomu ya machozi, na Lewis akavunjwa fuvu la kichwa. Tarehe 6 Agosti mwaka huo Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Jeneza la Lewis lilipovushwa daraja hilo mwaka 2020, askari wa jimbo walilipigia saluti.

Sheria hiyo ilizitaka sehemu zenye historia ya ubaguzi zipate kibali cha Serikali Kuu kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilibatilisha kifungu kilichoainisha sehemu hizo, katika kesi iliyofunguliwa na wilaya moja ya Alabama kwao. Desemba, 2019, Baraza lilipitisha mswada wa kurejesha ulinzi huo kwa kura 228 dhidi ya 187, Lewis mwenyewe akiwa kitini kutangaza matokeo. Kabla mwezi haujaisha alieleza kuwa anaugua saratani ya kongosho.

Wenzake waliupa mswada jina lake, heshima iliyo nyepesi kuliko kuufanya sheria. Mswada wenye jina hilo ulipitishwa na Baraza Agosti, 2021, ukakwama katika Seneti.